Shetani wa Mpingo: Jinsi ya Kumjua Aliyechongwa Sawasawa

Ukimshika shetani wa mpingo kwa mara ya kwanza, usimtazame usoni. Mgeuze. Tazama kisigino, kwapa, nyuma ya sikio, na pale mkono unapochomoza mgongoni. Usoni kila mchongaji hujitahidi, maana ndiko macho ya mnunuzi yanakokimbilia. Kwapani ndiko utakakojua kama alikuwa na subira.

Shetani ninayemsema si Ibilisi wa vitabu vya dini. Ni viumbe wa vichakani na majini katika masimulizi ya Wamakonde, wengine wakorofi, wengine wachekeshaji. Kuwachonga kwa ajili ya soko kulishika kasi Dar es Salaam tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa mikono ya Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na jina linalotajwa mwanzo kabisa ni la Samaki Likankoa. Mfanyabiashara wa vinyago Mohamed Peera alikuwa miongoni mwa waliowatia moyo wachongaji wa namna yake. Kabla ya hapo wanunuzi walizoea binadamu: mama na mtungi, mzee na mkongojo. Mama na mtungi ni rahisi kumpima, kwani sote tumemwona. Shetani hakuna aliyemwona. Sasa unampimaje?

Mimi humpima kwa mwili. Anaweza kuwa na jicho moja, ulimi unaofika kitovuni, sikio lililogeuka mguu. Hayo yote ni haki yake. Lakini mwili huo lazima uwe mwili unaoweza kuishi. Fuata mkono kwa kidole chako tangu unapoanzia. Je, kuna bega? Kiwiko kinapokunjika, nyama ya ndani imebanana na ya nje imevutika? Akichuchumaa, uzito umeangukia wapi? Mchongaji mahiri anaujua mguu wa mtu na mguu wa chura, ndipo akapata uwezo wa kuupotosha. Asiyejua hupachika kiungo popote penye nafasi, ukakuta mkono unaning'inia ubavuni kama kikombe kwenye msumari. Mtazame George Lilanga (1934–2005), ingawa sifa yake kubwa ni ya picha na sanamu za rangi wala si mpingo mtupu. Mashetani wake wana masikio makubwa na midomo iliyochomoza, wanacheza ngoma, wanabebana, na kwa kila mmoja unajua amesimamia mguu upi. Kipimo ni hicho hicho.

Baada ya mwili, tafuta gogo. Mpingo ni mti wa mapindo na mashimo, na shina lililonyooka ni bahati. Kwenye kazi nzuri bado unaweza kukisia gogo lilivyokuwa: mgongo umefuata pindo la mti, shimo lililokutwa ndani limekuwa kinywa au tumbo lililo wazi. Hapo mchongaji alikaa na gogo, akaligeuza, akaliuliza. Kinyago kilicholazimishwa huonekana kama kimekatwa kutoka kwenye boksi, pande nne, na mwenzake wa kufanana naye yuko rafu ya pili.

Angalia pia mwelekeo wa nyuzi za mti kwenye sehemu nyembamba. Kidole, pembe au ulimi uliochongwa kwa kufuata nyuzi utadumu. Uliochongwa kwa kuzikata utavunjika siku mtu anapofuta vumbi, hata kama leo unakupendeza.

Kuhusu mti wenyewe, nina kovu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua shetani mweusi ti, nikamweka juu ya kitambaa cheupe. Mvua za masika zilipokwisha, kitambaa kilikuwa na duara jeusi. Ulikuwa mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu. Tangu siku hiyo mkono wangu hutangulia macho. Mpingo mkavu ni mzito hata ukiutupa majini unazama. Kinyago cha kimo cha dhiraa kinapaswa kukushtua unapokiinua. Kwaruza kidogo chini ya kitako kwa ncha ya kisu, kwa ruhusa ya mwenyewe: rangi iendelee ndani, nyeusi yenye zambarau au hudhurungi, isiwe gamba juu ya mti mweupe. Usichanganye hilo na ule ukanda wa njano wa karibu na gome. Huo ni mpingo pia, na wapo wachongaji wanaouacha makusudi uwe nywele au ukingo wa sikio. Mimi naupenda, mradi uwe na kazi.

Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, viwanda vya klarineti navyo vinautaka, na tangu Januari 2017 jamii yake yote ya Dalbergia imo kwenye orodha ya mkataba wa CITES ya miti inayodhibitiwa katika biashara ya kimataifa. Ndiyo maana kazi ya ovyo kwenye mpingo wa kweli huniuma kuliko kazi ya ovyo kwenye mti bandia.

Nyufa zisikutishe zote. Ufa mwembamba unaofuata nyuzi, uliokwisha kutulia, ni wa kawaida. Wa kuogopa ni ule unaotoka katikati ya kitako kama miale, kwa sababu mti ulichongwa ungali mbichi na utaendelea kupasuka, hasa ukienda kuishi chini ya kiyoyozi. Ukiona mstari usiong'aa kama sehemu nyingine, umezibwa kwa unga wa mbao na gundi. Muuzaji mkweli atakwambia kabla hujauliza.

Mng'aro uache mwisho. Msasa mwingi huficha uvivu: kingo zinayeyuka, jino halitengani na ufizi. Na weusi wa mpingo humeza mwanga, hivyo umbo lolote lisilo na kingo safi hupotea kabisa ndani ya chumba. Mtoe shetani wako nje ya kibanda saa kumi na moja jioni, jua likiwa ubavuni, umzungushe polepole mkononi. Akikutazama upande huu, akakucheka upande ule, na kwa nyuma ukakuta mgongo wake ni uso wa mwingine ambaye hukumwona mwanzo, mimi huyo sibishani naye sana bei.