Delta Zinakua, Lakini Zinakula Nini?

Nikikuambia kwamba delta za dunia zinaongezeka ukubwa, huenda ukadhani nimechanganya mambo. Tumezoea kusikia kinyume: bahari inapanda, mabwawa yanazuia tope, pwani inaliwa. Lakini ndivyo inavyosema makala ya Jaap Nienhuis na wenzake iliyotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2020. Walikagua delta zipatazo 11,000. Walipojumlisha ardhi iliyoongezeka na kutoa iliyomezwa na maji kwa muda wa miaka 30, walikuta dunia inabaki na ziada ya kilomita za mraba 54 kila mwaka. Hiyo ni karibu visiwa vinne vya ukubwa wa Mombasa.

Nimeisoma zaidi ya mara moja, na niseme mapema kwamba naipenda. Kabla yake tulitegemea sana tafiti za delta chache maarufu, kama ule wa James Syvitski na wenzake wa mwaka 2009, ulioangalia delta 33 na kuonya kwamba nyingi zinadidimia. Onyo lilikuwa la kweli, ila ukipima waliolazwa wodini tu utasema mji mzima unaumwa. Nienhuis na wenzake walitoka nje ya wodi wakahesabu hadi vijidelta ambavyo hata ramani ya shule haivionyeshi. Pia wanaeleza vizuri kwamba umbo la delta ni mvutano wa watatu: mto unaoleta mashapo, mawimbi yanayoyatawanya pwani, na maji ya kupwa na kujaa yanayoyavuta huku na huku.

Mimi nagombana na ule mjumlisho. Kichwa cha makala kinatangaza kwamba athari za binadamu zimeleta ongezeko la ardhi. Sawa, lakini limetoka wapi? Jibu limo ndani, na waandishi hawakulificha: robo ya ukuaji huo inatokana na ukataji wa misitu, yaani udongo ulioporomoka huko juu ukasombwa na mto. Upande wa pili kuna karibu delta 1,000 ambazo mabwawa yamezipunguzia mashapo kwa zaidi ya nusu, na kwa pamoja zinapoteza kilomita za mraba 12 kwa mwaka. Chukua majeraha mawili tofauti, moja lipe alama ya kujumlisha na lingine ya kutoa, halafu ukichapisha jibu watu wataliita faida.

Hebu tushuke pwani ya Kenya, maana hapa majeraha yote mawili ni majirani.

Ukisimama Malindi wakati wa mvua utaona bahari ina rangi ya chai ya maziwa. Hilo ni tope la Mto Sabaki, ambao huko juu unaitwa Galana na juu zaidi Athi. Ufuo wa Malindi umepanuka sana, hadi majengo yaliyokuwa karibu na maji sasa yako mbali nayo. Kwa setilaiti hii ni ardhi mpya, safi kabisa. Lakini kuna shahidi mwingine chini ya maji. Watafiti waliotoboa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi walipima bariamu, ambayo husafiri pamoja na udongo wa mto. Kwa takriban karne mbili kiwango kilikuwa tulivu, kisha kikaanza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, ukoloni ulipobadilisha matumizi ya ardhi huko bara. Kwa hiyo ufuo ule mpana ni shamba la mtu mwingine lililohama, na likipita linaziba pumzi za matumbawe.

Sasa panda kaskazini hadi Kipini, unakomalizikia Mto Tana. Huku juu kuna mfululizo wa mabwawa ya umeme: Kindaruma 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga 1981, Kiambere 1988. Masinga linajaa tope lililotakiwa kuendelea na safari. Maji yanayotoka bwawani yana njaa, basi yanakula kingo na sakafu ya mto. Waliopima Tana ya chini wamekuta kwamba mto unarudisha sehemu kubwa ya mzigo wake kwa njia hiyo. Kumbe hata hesabu ya "bwawa limezuia kiasi hiki" si rahisi hivyo! Na kilele cha mafuriko ya masika kimepungua, wakati wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma wanayategemea mafuriko yaleyale kulowesha mashamba na malisho. Hasara hiyo haionekani kama nchi kavu kugeuka maji, kwa hiyo kwa kipimo cha eneo haipo.

Na hapo ndipo kipimo chenyewe kinaponitia wasiwasi. Picha ya setilaiti inajua kavu na majimaji. Haijui kimo. Delta inaweza kudidimia miaka mingi na eneo lisibadilike, hadi siku dhoruba inapokuja. Waandishi wenyewe wanakubali kwamba ongezeko hili huenda lisidumu karne hii bahari ikizidi kupanda kwa kasi, ila kauli hiyo imekaa mwishoni, na sote tunajua afisa mipango mwenye haraka anasoma kichwa cha habari.

Kule Makueni, mahali Mto Thwake unapokutana na Athi, linajengwa bwawa kubwa la Thwake. Likianza kukinga maji, Sabaki nao utaanza kuhamia safu ya Tana. Ningependa Nienhuis na wenzake, au yeyote kati yenu anayetafuta mada ya tasnifu, aweke mito hii miwili ukurasa mmoja, picha za setilaiti pamoja na vipimo vya kimo na tope, na aanze sasa, Sabaki ikiwa bado inafika baharini na rangi yake ya chai.