Faida Inatoka Wapi? Somo kutoka Kyela

Upo uchambuzi finyu ambao tumeurudia mno katika madarasa ya siasa: kwamba kila mfanyabiashara ni mnyonyaji. Siku hizi upo mwingine, finyu vile vile: kwamba kila mfanyabiashara ni mjasiriamali, basi apongezwe. Zote mbili hukwepa swali la msingi: faida yake inatoka wapi?

Tutazame Kyela. Mama wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu, akavipeleka kwa mtumbwi kuviuza Matema. Faida yake ni jasho lake. Mkulima anayevundika kakao yake siku tano hadi saba, kisha akaianika mpaka ikauke, naye huongeza thamani kwa kazi. Lakini yuko wa tatu. Huyu humfuata mkulima wakati wa shida, akamlipa fedha kidogo kwa kakao ambayo ingali mtini. Kyela biashara hiyo huitwa njuluku. Haongezi kitu, mtaji wake ni dhiki ya mwenzake.

Hapa hatuna budi kujikosoa. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya kuvirejesha ikatungwa 1982. Pengo lile lilimfunza mkulima kutafuta msaada kwingine. Leo kakao hupigwa mnada kwa stakabadhi ghalani, na hiyo ni hatua. Hata hivyo, mnada huja baada ya mavuno. Mgonjwa na karo hawangoji mavuno. Ushirika usiokopesha wakati wa shida humwachia mlanguzi nafasi hiyo. Makada tusihubiri marufuku tu. Tujenge mfuko wa mikopo wa wakulima wenyewe.