Nyumba Inayosukwa

Ukifika Modogashe na kuuliza mafundi wako wapi, utaelekezwa kwa wachomeleaji wa vyuma, kwa vijana wanaotengeneza pikipiki na kwa washonaji waliopanga cherehani zao barazani mwa maduka. Hawatakudanganya. Mji huu mdogo wa Lagdera, kaunti ya Garissa, uko mahali ambapo barabara ya Isiolo inakutana na ile ya Garissa kabla ya kuendelea Habaswein na Wajir, na magari yanayopita hapa hayaishi kuharibika. Lakini fundi aliye mkubwa kuliko hao wote katika nchi hii tambarare, isiyo na mlima wa kuyazuia macho, hutaelekezwa kwake, kwa sababu hakuna anayemwita fundi. Anaitwa ayeeyo, yaani bibi, anaitwa mama fulani, anaitwa mke wa fulani. Ni yeye aliyesuka nyumba.

Wakenya wengi waliowahi kulisikia jina la Modogashe walilisikia kwa sababu ya amani na vita. Hapa ndipo mwaka 2001 viongozi na wazee wa jamii za wafugaji wa kaskazini walikubaliana juu ya wizi wa mifugo, malisho, maji na fidia ya damu, na makubaliano hayo yakaitwa Azimio la Modogashe. Ni jambo kubwa, na mji unastahili kukumbukwa kwalo. Hata hivyo, walioketi kwenye mikutano ya namna hiyo walitoka katika nyumba ambazo wake zao na mama zao walizitengeneza kwa vidole, na habari za nyumba hizo ni wachache waliozisikia.

Nyumba ya mfugaji wa Kisomali, aqal, haina tofali wala msumari. Kiunzi chake ni fito zilizopindwa: mizizi mirefu ya mgunga, au matawi ya miti inayokubali kupinda, hukatwa ingali mbichi, ikakunjwa na kufungwa kamba mpaka ikauke na umbo la upinde. Fito hizo huchimbiwa ardhini kwa duara, zikakutanishwa juu na kufungwa, likapatikana kuba. Kamba ni za magome ya miti au za mkonge mwitu unaoota wenyewe kwenye vichaka vya huku, na kila fundo lazima liweze kufunguliwa kesho. Mtu wa mjini hujenga nyumba akiomba isibomoke. Mama huyu anajenga akijua kuwa ataibomoa kwa mkono wake, aipakie juu ya ngamia, aisimamishe kwingine siku hiyohiyo kabla jua halijazama, na asipoteze hata kipande kimoja. Ufundi wake ni wa kutengeneza kitu kinachodumu kwa kuhamishwa.

Nyumba ni mali yake. Binti akikaribia kuolewa, mama yake, shangazi zake na jamaa wa kike humtayarishia mikeka na fito, na nyumba hiyo hubaki yake katika ndoa. Mwaka 1995 msanifu majengo Mmarekani, Labelle Prussin, alichapisha kitabu kizima juu ya nyumba za wahamaji wa Afrika, wakiwemo Wagabra, Warendille na Wasomali. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba nyumba hizi ni usanifu kamili na kwamba wasanifu wake ni wanawake. Kwa mama wa Modogashe hiyo si habari. Kwa vyuo vyetu vinavyofundisha usanifu bado ni habari, nami ningependa siku moja mwanafunzi wa Nairobi aletwe hapa akae mkekani, atazame, achukue daftari.

Kinachonivuta zaidi ni mkeka wa kuezekea, kebed. Usiufananishe na mkeka wa ukindu wa Pwani, ambao ni mwembamba, laini na wenye sura moja pande zote mbili. Kebed una pande mbili zenye kazi mbili. Upande wa ndani ya nyumba umesukwa ukabana, ni laini, na mara nyingi una mistari ya rangi inayomtazama aliyelala. Upande wa nje una ncha za nyasi na nyuzi zilizoachwa zikaning'inia, safu juu ya safu, kama manyoya ya kondoo. Mvua ikinyesha, tone hushika ncha ya juu, likateremka hadi ncha inayofuata, na kuendelea mpaka chini bila kupata nafasi ya kuingia. Nyasi zikilowa huvimba na kuziba matundu. Jua likirudi hukauka, zikanywea, na upepo ukapita. Hayo yote hayafanywi na mtu wakati mvua inanyesha. Yalishafanywa siku msukaji alipoamua ni ncha ipi aikate na ipi aiache.

Nyuzi zenyewe zina kazi kubwa kabla ya kusukwa. Gome la mgunga hubanduliwa kwa vipande virefu, tabaka la nje likatupwa, la ndani likachanwa. Ili lilainike, wanawake hulitafuna. Ndiyo, hutafunwa kwa meno, kipande baada ya kipande, huku mazungumzo na nyimbo za kazi zikiendelea, mpaka gome linaacha ukaidi na kuwa nyuzi. Gome la mgunga lina ukakasi mkali unaokausha ulimi na lina rangi nyekundu inayoshika. Anayeutazama mkeka wa nyumba nzima na kukumbuka kwamba sehemu kubwa yake imepita kinywani mwa watu hataona ajabu kwamba kazi hii hufanywa kwa ushirika, majirani wakikusanyika kwa mmoja leo na kwa mwingine baadaye. Mkeka mmoja mkubwa unaweza kuchukua wiki nyingi, kwa sababu msukaji huyohuyo ana mbuzi wa kukamua, maji ya kuteka na watoto wa kulisha.

Msichana hujifunza kwa kukaa kando ya mama. Hapewi somo. Anapewa pembe moja ya mkeka, akikosea mama anafumua bila kusema neno, anamrudishia nyuzi. Anafumuliwa hivyo mara nyingi, hadi vidole vyenyewe vinakataa kukosea.

Siku ya kuhama ndipo unapoona kwamba hakuna kitu hapa chenye kazi moja. Mikeka iliyokuwa kuta sasa inakunjwa na kuwa matandiko ya kumkinga ngamia mgongo usichubuke. Fito zilizokuwa paa zinafungwa ubavuni, mapinde yao yakichomoza juu, na kati yake hukaa vyombo, mtoto mdogo, au mwanambuzi aliyezaliwa usiku. Nyumba imekuwa tandiko la kubebea nyumba. Nimewahi kuwasikia watu wakiziita nyumba hizi vibanda vya muda. Anayesema hivyo hajauangalia mgongo wa ngamia aliyesafiri siku nzima na mzigo wote huo bila kidonda.

Juu kabisa ya mzigo hukaa vyombo vya maziwa, na mimi nikilazimishwa kuchagua kitu kimoja cha nchi hii kiwekwe mbele ya watu, nitachagua haan. Ni chombo cha maziwa kilichosukwa. Soma tena: kimesukwa, na hakivuji.

Kazi huanzia kitakoni. Msukaji anakunja pindi dogo la nyuzi za mizizi, analizungushia uzi, kisha anatoboa kwa msharasi na kuupitisha uzi huo katika pindi la chini yake, anakaza, anatoboa tena. Kila mzunguko unashikwa na ule uliotangulia. Kitako kinapanuka kuwa tumbo, tumbo linapanda, linaanza kujibana, linakuwa shingo. Hakuna kalibu wala rula. Kipimo ni jicho na kiganja, na shingo lazima iwe duara kamili kwa sababu kifuniko nacho ni cha kusukwa, kinaingia kwa kubana, na baadaye hutumika kuwa kikombe cha kunywea. Ukipitisha ukucha juu ya ukuta wa haan nzuri unasikia matuta madogo yanayolingana, na huoni mahali mkono ulipochoka. Waborana wa upande wa Garba Tulla wana chombo cha jamii hiyohiyo, gorfa, kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi, na mama wa huko na mama wa huku wanaweza kubishana kutwa nzima nani anakaza zaidi. Vingine hupambwa kwa ngozi na kauri. Hebu fikiria safari ya kauri hizo: zimetoka Bahari ya Hindi, zikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Pwani, zikaishia shingoni mwa chombo cha maziwa katika nchi isiyojua wimbi.

Chombo kipya hakijawa chombo mpaka kifukizwe. Vijinga vya moto vya miti maalumu, iliyochaguliwa kwa harufu na kwa moshi wake, hutiwa ndani, kifuniko kikafungwa, chombo kikatikiswa, kisha majivu na makaa yakafutwa. Hufanywa hivyo tena na tena kwa maisha yote ya chombo. Moshi na mafuta ya maziwa hujaza vitundu ambavyo jicho halivioni, na chombo huzidi kubana kadiri kinavyotumika. Wataalamu wa maziwa wanajua pia kwamba moshi wa kuni una kemikali zinazopunguza vijidudu na kuchelewesha maziwa kuharibika. Ndani ya chombo kilichofukizwa, maziwa ya ngamia yakiachwa siku moja au mbili bila kuchemshwa yanakuwa suusac, maziwa ya mgando yenye ukali mtamu na harufu ya moshi. Aliyewahi kunywa chai ya maziwa ya ngamia Garissa au Eastleigh anaijua harufu hiyo hata kama hajawahi kuuona mti wake.

Wanaume nao wana yao. Koor, kengele ya ngamia, huchongwa katika kipande kimoja cha mti na kufukuliwa ndani kupitia mdomo mwembamba, ikatiwa ndimi za mti. Sauti yake ni nzito na ya chini, na mwenye ngamia huitambua yake gizani. Visu, mikuki na mashoka yalitoka kwa wahunzi, Tumaal, na hapa pana aibu ya zamani inayopaswa kusemwa wazi: jamii iliyowategemea ilikataa kuoana nao, ikawaweka pembeni kwa sababu ya kazi yao. Kusifu kisu na kumdharau aliyekifua ni dhuluma, na dhuluma hiyo haijaisha yote.

Sasa ufundi huu uko mashakani, na sababu zinajulikana. Kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika. Mifugo ilikufa kwa wingi, na aliyepoteza ngamia hana cha kubebea nyumba, wala sababu ya kusuka nyumba ya kubebwa. Mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko. Familia zikasogea barabarani, karibu na shule, zahanati na misaada, zikajenga kwa mabati, ambayo saa nane mchana hayakaliki. Turubai limechukua mahali pa kebed, na mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia umechukua mahali pa haan. Siwalaumu wanaobadilisha. Turubai halitafunwi. Lakini mtungi ule una shingo isiyopitisha mkono, hausuguliki vizuri ndani, na wauza maziwa wengi bado wanaufukiza moshi, kwa sababu maarifa ya mama zao yamekataa kufa hata chombo kilipobadilika. Umbo la nyumba nalo limekataa. Kambi za Dadaab zilizoanza mwaka 1991, katika kaunti hiihii, zilijaa makuba ya fito yaliyovikwa vitambaa na plastiki. Wanawake waliokimbia bila kitu walifika na nyumba vichwani mwao, wakazisimamisha kwa walichokiokota.

Wako pia wanaosuka kwa nyuzi zilizofumuliwa kutoka magunia ya nailoni, na rangi zao ni kali: buluu, waridi, kijani cha kung'aa. Wapenda vya asili huzikunjia uso rangi hizo. Mimi naona mkono ni uleule, mkazo ni uleule, na msukaji wa zamani angeipata rangi ya waridi angeitumia bila kumwomba mtu ruhusa. Kinachonitia hofu ni kitu kingine: haan ndogondogo za kuwekwa kabatini, zilizosukwa kwa haraka kwa ajili ya mgeni na zisizoweza kushika hata maji ya kunawa. Chombo kisichopimwa kwa maziwa hulegeza mkono wa anayekisuka, na mkono ukilegea kwa kizazi kimoja hakuna wa kuukaza tena.

Kaunti ya Garissa ina taasisi za mafunzo ya ufundi zinazofundisha ushonaji, useremala na kuchomelea. Ziongezewe somo la kusuka, mwalimu awe mama anayeijua kazi, alipwe mshahara wa mwalimu na asidaiwe cheti ambacho hakuna chuo kilichowahi kukitoa. Serikali ya kaunti inunue sasa nyumba kamili, fito, mikeka, kamba na vyombo, kutoka kwa wasukaji walio hai, na majina yao yaandikwe ubaoni ikiwa wenyewe wataridhia. Nawe unayepita Modogashe kwa gari kwenda Wajir, ukikuta haan inauzwa, igeuze utazame kitako chake, mwombe mwenyewe aijaze maji mbele yako. Isipovuja, mlipe bei anayoitaja.