Kuweka upya kifaa halisi kilichokabidhiwa mashine pepe: utaratibu wa Linux

Kuweka upya kifaa cha kompyuta ni kukirudisha katika hali kilichokuwa nayo umeme ulipoingia: rejista zake hurudi kwenye thamani za mwanzo, foleni za kazi hufutwa, na anwani zote za kumbukumbu kilizopewa husahaulika. Kwenye kompyuta ya kawaida kazi hii hufanywa na draiva. Kwenye kompyuta inayoendesha mashine pepe hali ni nyingine. Kadi ya michoro, kadi ya mtandao au diski ya NVMe inaweza kuwa imekabidhiwa mashine pepe moja, lakini umeme wake na njia inayoifikisha kwenye kichakataji vimebaki mikononi mwa mwenyeji, yaani kompyuta inayoendesha mashine pepe hiyo, na pengine vinatumiwa na wengine. Kwa hiyo mgeni, yaani mashine pepe, anaruhusiwa kuomba kadi iwekwe upya, ila anayeiweka upya ni mwenyeji.

Hatari ya kuiacha kadi bila kuiweka upya huonekana mashine pepe inapozimwa ghafla. Kadi haina habari kwamba mtumiaji wake hayupo. Foleni zake bado zinaonyesha mahali pa kuandika data. Kitengo cha IOMMU, kinachosimama kati ya vifaa na kumbukumbu, huzuia maandishi hayo kwa kuwa kumbukumbu ya mashine iliyokufa imekwisha kuondolewa kwenye jedwali lake. Lakini kadi ikikabidhiwa mashine pepe nyingine, jedwali hujazwa tena. Mashine pepe nyingi hupangiwa anwani zinazofanana, hivyo anwani iliyobaki kwenye foleni ya zamani inaweza kuwa halali kwa mgeni mpya. Mara kadi inaporuhusiwa tena kufikia kumbukumbu, data ya kazi ya jana inaweza kuangukia katika kumbukumbu ya mtu mwingine.

Katika Linux jukumu hili limebebwa na VFIO, sehemu ya kerneli iliyoingizwa katika toleo la 3.6 mwaka 2012. VFIO hujaribu kuiweka upya kadi mara mbili: inapofunguliwa kwa ajili ya mtumiaji mpya na inapofungwa. Mgeni akiandika biti ya kujiweka upya kwenye rejista za usanidi, maandishi hayo hayafiki kwenye kadi. VFIO huyanasa, kisha kerneli yenyewe huifanya kazi hiyo kwa mpangilio wake.

Mpangilio huo una hatua tano. Kwanza, rejista za usanidi huhifadhiwa. Pili, kadi huzuiwa kuanzisha mawasiliano yoyote na kumbukumbu. Tatu, kerneli husubiri maombi yaliyokwisha kutumwa yapate majibu, kwa sababu jibu linalofika baada ya kadi kusahau kwamba iliuliza linaweza kuvuruga njia. Nne, kadi huwekwa upya. Tano, baada ya kadi kuwa tayari, rejista hurudishwa. Kusubiri utayari kunahitaji subira: kanuni za PCI Express huipa kadi milisekunde 100 kukamilisha kuwekwa upya, lakini zipo kadi zinazochelewa zaidi, na kerneli inaweza kuendelea kuuliza kwa muda wa hadi sekunde 60 kabla ya kukata tamaa.

Njia za kutekeleza hatua ya nne si sawa kwa usalama. Iliyo bora ni FLR (Function Level Reset), inayogusa kitendaji (function) kimoja tu cha kadi na kuwaacha jirani zake wakiendelea na kazi. Kanuni pia zinataka kitendaji kilichowekwa upya kwa FLR kisibakize hali inayosomeka yenye siri za mtumiaji aliyetangulia. Kadi isiyo na FLR inaweza kushushwa kwenye hali ya umeme mdogo iitwayo D3hot na kupandishwa tena, ingawa baadhi ya kadi hutangaza kwamba safari hiyo haifuti kitu ndani yake. Njia ya mwisho ni kuweka upya kila kilicho chini ya daraja la PCI kwa pamoja. Tangu toleo la 5.15 la mwaka 2021, msimamizi anaweza kuona njia ambazo kila kifaa kinazikubali na kuzipanga kupitia faili iitwayo reset_method.

Njia hiyo ya daraja ndiyo iliyohitaji ulinzi mkubwa zaidi. Kadi yenye milango minne ya mtandao inaweza kugawiwa mashine pepe nne. Mgeni mmoja akisababisha kila kilicho chini ya daraja kiwekwe upya, wengine watatu hukatiwa mawasiliano bila taarifa. Utaratibu uliowekwa mwaka 2013 ulilitatua jambo hili kwa kudai uthibitisho wa umiliki. Programu inayoendesha mashine pepe, kama QEMU, kwanza huiuliza kerneli ni vifaa gani vitaathirika, kisha hukabidhi vishikio vya makundi yote ya IOMMU yenye vifaa hivyo. Kikikosekana hata kimoja, ombi hukataliwa. Asiyemiliki vyote vinavyoguswa hana ruhusa ya kugusa chochote.

Pengo jingine lilizibwa mwaka 2020, chini ya namba ya udhaifu wa kiusalama CVE-2020-12888. Kadi ikiwa katikati ya kuwekwa upya haijibu tena kwenye anwani zake, ilhali mgeni alikuwa bado na njia ya moja kwa moja ya kuzisoma. Kwenye baadhi ya kompyuta, usomaji huo usio na mjibuji ulitosha kumwangusha mwenyeji mzima. Sasa VFIO hufunga kufuli, huiondoa njia hiyo ya moja kwa moja, huiweka upya kadi, ndipo hufungua kufuli. Mgeni anayejaribu kusoma wakati huo husubiri.

Hata hivyo utaratibu hauwezi kuzidi uaminifu wa kadi yenyewe. Kerneli hubeba orodha ya marekebisho kwa kadi zenye tabia za pekee: diski za Samsung SM961 huzimwa kidhibiti kabla ya FLR, na za Intel DC P3700 huongezewa milisekunde 250 baada yake. Vizazi kadhaa vya kadi za michoro za AMD vimejulikana kwa kutorudi katika hali nzuri baada ya mashine pepe kuzimwa, hata mwenyeji akalazimika kuwashwa upya. Kwa hiyo anayenunua kadi ya kukabidhiwa mashine pepe hana budi kuhakikisha mapema kwamba ina FLR, na kwamba FLR hiyo inafanya kazi.