Ukucha wa Mbwa Uliovunjika: Kazi Ilivyofanyika

Ukucha wa mbwa ukivunjika, damu hutapakaa sakafuni mpaka mwenye mbwa achanganyikiwe. Mara nyingi hatari kubwa si damu hiyo, bali kipande kinachobaki kikining'inia. Chukua mbwa wa ulinzi aliyenasa kwenye senyenge, ukucha wa kidole gumba ukachanika karibu na shina. Ukucha huo uko juu kidogo, upande wa ndani wa mguu wa mbele. Kwa kuwa haugusi ardhi mbwa akisimama, hausagiki kama mingine. Hurefuka, hupinda na kunasa upesi.

Gamba la nje ni gumu na halina hisia. Ndani yake mna nyama laini yenye mishipa ya damu na neva, iliyoshikamana na mfupa wa mwisho wa kidole. Gamba lililochanika likitikisika, nyama hiyo huvutwa, maumivu hayaishi, na vijidudu hupata njia ya kuelekea mfupani.

Waliomhudumia walianza na mdomo kabla ya mguu. Waliufunga kwa utepe wa bandeji, maana hata mbwa mpole huuma akiumia. Kisha walikandamiza shashi safi juu ya kidonda kwa dakika kama tano mfululizo, bila kuchungulia. Wengi hukosea hapa: kila ukifunua, damu iliyoanza kuganda inabanduka. Wanga wa mahindi wa kuzuia damu nao haukutumika. Unafaa pale ncha tu inapokatika. Kwenye jeraha lililofika shinani unaongeza uchafu.

Kipande hawakukivuta. Daktari wa mifugo alimtuliza mbwa kwa dawa, akapiga ganzi, akakikata pale kiliposhikilia, kisha akasafisha kidonda.

Ufungaji nao ulikuwa wa makini. Pamba kidogo iliwekwa katikati ya vidole ili visisuguane, bandeji ikazungushwa bila kubana, na ncha za vidole vya kati zikaachwa wazi. Ncha zikivimba au zikiwa za baridi, bandeji imekaza, ifunguliwe mara moja. Ilibadilishwa kila siku, na kila ilipolowa. Mbwa alivishwa koni shingoni asilambe kidonda.

Dawa ya maumivu ilitoka kwa daktari. Panadol, ibuprofeni na diklofenaki za binadamu zinaweza kumuua mbwa, hivyo usimpe hata nusu kidonge.

Nyama iliyo wazi hukauka na kuwa ngumu ndani ya siku chache, ila ukucha mpya huchukua miezi kukua. Ukiona usaha, harufu mbaya, uvimbe au mbwa anazidi kuchechemea, mrudishe kwa daktari. Na unapomkagua mbwa wako kila mwezi, anza na kucha za vidole gumba: zikianza kupinda, zipunguze ncha kabla senyenge haijazinasa.