Muhtasari Mzuri wa Kikao Unavyojulikana

Anza kusoma kwenye Yatokanayo. Mahudhurio, sala ya kufungua na shukrani za mwenyekiti hazijawahi kumkwamisha mtu. Kazi hukwamia kwenye safu tatu za sehemu hiyo: jambo, mhusika na tarehe. Safu ya mhusika ikiandikwa "Wote" au "Menejimenti", hakuna atakayefanya. "Mhasibu awasilishe ankara za mafuta kwa mkaguzi kabla ya Ijumaa saa sita mchana": hapo kuna mtu wa kuulizwa.

Siku hizi makatibu wengi huweka simu mezani, akili mnemba ikanasa maneno na kutoa rasimu kabla chai haijapoa. Sina ugomvi na hilo. Ila rasimu hizo zote zimenyooka na kupendeza, kwa hiyo unadhifu hauthibitishi kitu tena. Kagua saa kwanza. Mwenyekiti akisema "tukutane kesho kutwa saa nne", programu iliyozoea Kiingereza inaweza kuandika 4:00 PM, yaani saa kumi jioni, na atakayeifuata atakuta wenzake walishamaliza kikao. Kisha kagua maneno yenyewe. Whisper, programu ya kunukuu sauti iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti; kati ya hizo, saa 117,000 tu zilikuwa za unukuzi wa lugha nyingine 96, Kiswahili kikiwa mojawapo. Si ajabu mjumbe mwenye lafudhi ya Pemba akaandikiwa asichosema. Tena watafiti wameikuta ikitunga sentensi nzima mahali msemaji aliponyamaza, basi sikiliza upya vipande ambavyo ukumbi ulikuwa kimya.

Kipimo kigumu zaidi ni mabishano: je, yamebaki? Kwenye vikao vyetu watu hukataa kwa adabu. "Tutaliangalia," anasema mkuu wa idara huku akifunga daftari. Mashine huandika kwamba mkuu wa idara aliahidi kulishughulikia. Katibu aliyekuwepo, akaona lile daftari likifungwa, ataandika: "Halikuafikiwa, lirejeshwe kikao kijacho." Kauli ya "ilikubalika kwamba" isiyotaja aliyekubali naikata kila ninapoikuta, iwe ya mashine au ya mtu. Na muhtasari ambamo hakuna aliyepinga chochote mimi huurudisha kwa katibu, hasa kama kikao kilihusu bajeti.

Urefu haunisumbui sana. Mengineyo yakizidi ajenda yenyewe, aliyeiandaa ajenda ndiye wa kusemeshwa, si katibu.

Rasimu ikitoka, kila mhusika atumiwe mstari wake siku hiyo hiyo, ausome na ajibu. Wakingoja kuuthibitisha muhtasari kwenye kikao kijacho, tarehe zitakuwa zimeshapita. Ajenda ikifika kwenye nidhamu au mishahara, simu izimwe, katibu aandike kwa mkono.