Kiambishi Kilichosahauliwa: Uhakiki wa Jina "Pamoja Tulinde Maisha"

1. Kusudi la makala

Ni desturi ya wahakiki wa Kiswahili kushughulikia tenzi, riwaya na tamthilia, na kuyaacha maandishi ya hospitali yajipitie yenyewe. Makala haya yanakusudia kuhakiki andishi fupi mno, lenye maneno matatu tu: Pamoja Tulinde Maisha. Hilo si jina la diwani. Ni jina la jaribio la dawa za Ebola lililoanza tarehe 20 Novemba 2018, likaendeshwa katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, Kivu ya Kaskazini, chini ya taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Kinshasa (INRB) pamoja na watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani. Ulimwengu wa sayansi unalijua zaidi kwa herufi nne: PALM.

Huenda msomaji akauliza jina lina uzito gani mbele ya maradhi yaliyowaua watu 2,287 kati ya 3,470 waliougua, tangu mlipuko ulipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Jibu letu ni kwamba teknolojia mpya ya tiba haimfikii mgonjwa ikiwa sindano tupu. Humfikia kwanza ikiwa sentensi: anaelezwa, anaulizwa, anajibu. Sentensi hiyo ikiwa na kasoro, ruhusa aliyoitoa mgonjwa nayo ina kasoro, hata kama dawa ni njema.

2. Sarufi ya ahadi

Tuanze na sifa, kwani jina hili linastahili. Ni Kiswahili safi, kila neno lina silabi tatu, nalo latamkika kwa urahisi kwa mkulima na kwa daktari. Kitenzi hakisemi "tunalinda", ambayo ingekuwa taarifa, wala "tutalinda", ambayo ingekuwa ahadi ya mtu mmoja kwa mwingine. Kinasema "tulinde". Irabu "-e" ya mwisho hukigeuza kitenzi kuwa wito, na mwenye kuitwa ana haki ya kuitika au kunyamaza. Kwa hiyo sarufi yenyewe imekwisha kukiri msingi mkuu wa maadili ya utafiti, yaani uhuru wa mgonjwa wa kukataa.

Kitenzi "linda" nacho kina historia yake kwetu. Raia wa Kivu wamelisikia neno hilo kwa miaka mingi kutoka kwa kila mwenye bunduki. Kulilea upya neno lililochakaa kiasi hicho, na kulitia wodini badala ya kambini, lilikuwa jambo la ujasiri.

Lakini uzito wote wa jina umebebwa na kiambishi "tu-". Zipo lugha, kama Kimalay, zenye viwakilishi viwili vya nafsi ya kwanza wingi: kimoja humjumuisha anayeambiwa, kingine humwacha nje. Kiswahili hakina utengano huo. Mtu akisema "tulinde", msikilizaji hana budi kuamua kwa muktadha kama naye yumo. Ndiyo sababu swali la kimaadili katika jina hili linaanzia kwenye kiambishi: "sisi" hao ni akina nani?

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kiambishi hicho kilipotea mara tu jina lilipovuka mpaka. Herufi za PALM zimetolewa katika "Pamoja", katika "-linde" na katika "Maisha". Herufi ya "tu-" haimo. Tafsiri ya Kiingereza iliyoenea nayo husema tu: pamoja, okoa, maisha. Nafsi imeondoka, na "kulinda", kazi ambayo hata mwenye nyumba huifanya, kumekuwa "kuokoa", kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na mgeni. Hatudai kwamba yeyote alikusudia hivyo. Tunasema kwamba upotevu huo mdogo wa kisarufi unafanana mno na yaliyotokea nje ya sarufi.

3. "Tu-" katika matendo

Matokeo ya jaribio ni ya kujivunia. Wagonjwa 681 waligawanywa katika makundi manne, kila kundi likapewa dawa moja: ZMapp, remdesivir, mAb114 au REGN-EB3. Mnamo Agosti 2019 kamati ya uangalizi ilishauri mbili za kwanza zisitishwe, kwa kuwa mbili za mwisho zilikuwa zimeonyesha ubora ulio wazi. Katika siku 28 walifariki asilimia 35.1 ya waliopewa mAb114 na asilimia 33.5 ya waliopewa REGN-EB3, ilhali kwa ZMapp ilikuwa asilimia 49.7 na kwa remdesivir asilimia 53.1. Kazi hiyo ilifanyika katikati ya vita.

Dawa ya mAb114 ina nasaba ya Kikongo. Kingamwili yake ilipatikana katika damu ya mtu aliyepona Ebola katika mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995, kwa juhudi za Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake. Mwezi Desemba 2020 iliidhinishwa Marekani kwa jina la Ebanga, mikononi mwa kampuni ya Ridgeback Biotherapeutics ya huko huko. Damu ilitoka Kikwit, ushahidi ukatoka Beni na Butembo, na hati ya umiliki ikakaa Marekani. Katika sehemu mbili za kwanza "tu-" ilimjumuisha Mkongomani waziwazi. Katika ya tatu, msikilizaji anaachwa aamue mwenyewe.

Wapo walioachwa nje hata kabla ya hapo. Katika mlipuko huo huo watu zaidi ya 300,000 walipata chanjo ya rVSV-ZEBOV, lakini wanawake wajawazito na wanaonyonyesha hawakuruhusiwa kuipata hadi katikati ya mwaka 2019. Hofu ya wataalamu ilikuwa na sababu. Hata hivyo, mwanamke aliyewaona jirani zake wakichanjwa alijua bila mwalimu maana ya kuwa nje ya nafsi ya kwanza wingi. Kisha, Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti juu ya unyanyasaji wa kingono uliofanywa wakati wa kupambana na Ebola: watuhumiwa 83, na 21 kati yao wakiwa waajiriwa wa Shirika hilo. Baada ya ripoti hiyo ni vigumu kulitamka neno "tulinde" bila kuuliza aliyekuwa akilindwa ni nani, na dhidi ya nani.

4. Maneno ya ridhaa

Sasa tutazame maneno ambayo mfasiri wa fomu ya utafiti hana budi kuyachagua. Tutaje matatu.

La kwanza ni "jaribio". Kitaaluma halina kosa. Lakini muumini aliyezoea kusikia "majaribu" kanisani hulipokea pamoja na harufu ya mateso na mitego. Kumwambia mgonjwa kwamba ataingizwa katika jaribio, bila maelezo, ni kumwambia jambo jingine kabisa.

La pili ni "kura". Kugawa wagonjwa pasipo upendeleo ndiyo roho ya utafiti wa namna hii, na njia fupi ya kulieleza ni kusema kwamba dawa hutolewa kwa kura. Lakini kwetu kupiga kura ni kuchagua, na hapa mgonjwa hachagui kitu. Yeye ndiye anayechaguliwa. Tena tukumbuke majira. Mwezi Desemba 2018 wakazi wa Beni na Butembo walitangaziwa kwamba upigaji kura wao umeahirishwa hadi Machi 2019, na Ebola ikatajwa miongoni mwa sababu; rais mpya aliapishwa Januari bila kura zao. Katika miezi hiyo neno "kura" halikuwa neno la kawaida katika miji hiyo.

La tatu ni "ridhaa". Hili ni ndugu wa "radhi", nalo lina maana ya moyo kutulia, si kinywa kusema ndiyo tu. Ni neno bora, ila si neno la soko la Kadutu. Mfasiri akiliacha na kuandika "kukubali", anaeleweka, lakini amepunguza dai: mtu hukubali hata akiwa hana njia nyingine. Tuongeze kwamba lugha ya kwanza ya wakazi wengi wa Beni na Butembo ni Kinande, na kwamba Kiswahili chao, ambamo daktari huitwa "munganga", si Kiswahili cha vitabu vya Dar es Salaam.

Wapo watakaosema kwamba wakati wa mlipuko hakuna nafasi ya kupima maneno. Hoja hiyo ina nguvu, maana mgonjwa wa Ebola hana siku nyingi. Lakini mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto, na Aprili akauawa mjini Butembo Daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani. Hatudai kwamba lugha ndiyo iliyowasha moto. Vita na siasa vilikuwa na kuni za kutosha. Tunadai tu kwamba kutoaminiana nako hupoteza siku, na kwamba maneno ni mojawapo ya vitu vichache ambavyo hospitali inaweza kuvirekebisha bila kungoja amani.

5. Kipimo kutoka uwanjani

Uwanja wa michezo unaweza kutufundisha hapa. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia masafa ya marathoni mjini Vienna kwa saa 1:59:40, akiongozwa na wakimbiaji waliopokezana na akiwa amevaa viatu vya teknolojia mpya. Haikuhesabiwa kuwa rekodi. Mwezi Januari 2020 shirikisho la riadha la dunia likatangaza kwamba soli isizidi milimita 40, na kwamba kiatu hakitaingia mashindanoni kabla ya kuuzwa madukani kwa miezi minne, ili kila mwanariadha aweze kukipata. Waliona kwamba chombo kisichofikiwa na wote huharibu maana ya ushindi. Kama soli ya kiatu imepata sheria ya namna hiyo, inakuwaje tiba iliyothibitishwa kwa miili ya watu wa Beni isiwe na kanuni kama hiyo, ya kuhakikisha kwamba wao ni wa kwanza kuipata?

6. Hitimisho

Suala hili halijapita. Jina la PALM lilitumika tena katika jaribio la tecovirimat dhidi ya mpox, huko Tunda, Maniema, na Kole, Sankuru. Matokeo yaliyotangazwa Agosti 2024 yalionyesha kwamba dawa hiyo haikufupisha muda wa vidonda. Kole iko nje ya eneo kuu la Kiswahili. Huko jina limekwisha kuwa nembo, wala si wito tena. Nasi wa Kivu ya Kusini tusidhani tuko mbali. Ebola ilifika Mwenga Agosti 2019, na katika wilaya hiyo hiyo, mjini Kamituga, aina mpya ya mpox iligunduliwa baada ya mlipuko ulioanza mwaka 2023.

Kwa hiyo tunapendekeza idara za Kiswahili za vyuo vyetu zisingoje kuitwa. Fomu za ridhaa zipimwe kwa wasikilizaji wa kawaida kabla ya kutumika. Wanafunzi wa isimu wakusanye istilahi za tiba jinsi zinavyosemwa Kadutu, Uvira na Kamituga. Na kamati za maadili ziwe na mtu anayejua tofauti ya "kura" na "kura". Waliolitunga jina la Pamoja Tulinde Maisha walitupa sentensi nzuri. Kazi iliyobaki ni kuidai "tu-" yake, katika fomu, katika hati ya umiliki na katika ghala la dawa.